Jijue Kwanza, Ndipo Umjue Mwenzio



Katika mafundisho ya ndoa tunayotoa kigangoni kwetu hapa Mbooni, huwa nawauliza wachumba swali moja mwanzoni: "Mwenzio akikasirika, hufanya nini?" Majibu huja upesi sana. Bibi arusi atasema, "Huyu hununa." Bwana arusi naye atasema, "Huyu hufoka, halafu hulia." Watu hucheka. Kisha nauliza la pili: "Na wewe ukikasirika, hufanya nini?" Hapo wote hunyamaza. Mmoja hutazama mabati ya paa, mwingine huangalia viatu vyake. Na kati yao wamo waliokwisha kukaa pamoja miaka 15 kwa ndoa ya kimila, wana watoto wakubwa, na sasa wanakuja kufunga ndoa kanisani. Tabia za mwenzao wanazijua kama Baba Yetu. Za kwao wenyewe hawajawahi kuulizwa.

Nisiwacheke. Mimi mwenyewe nilifundisha somo hilo kwa miaka kadhaa kabla sijajua jibu langu. Mama watoto ameniruhusu niwasimulie jinsi nilivyolijua.

KIMYA CHA SIKU TISA

Nilikuwa nikijihesabu kuwa mtu mpole. Sijawahi kumpiga mke wangu, sijawahi kumtukana, na pombe sinywi. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, wenye ugomvi huletwa kwangu niwapatanishe. Basi mwaka mmoja, mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zikikaribia, nilirudi kutoka kikao cha parokia nikakuta tangi jeusi la maji, la lita 2,000, limesimama penye pembe ya nyumba. Mama watoto alikuwa amepata zamu yake ya chama, akaongeza pesa za maharagwe aliyouza soko la Kikima, akalinunua. Pikapu ililileta mchana, na majirani wote waliliona kabla yangu. Hakuwa ameniambia neno.

Nami sikusema neno. Niliingia ndani, nikanywa chai, nikafungua redio. Akaniuliza, "Umeliona?" Nikajibu, "Nimeliona." Basi. Tangu hapo ikawa ni "ndiyo" na "la" na "nipe chai". Siku tisa.

Usiku wa tatu mvua ilinyesha, kubwa kweli, na tangi likajaa. Asubuhi nilinawa uso kwa maji yake, nikanywa chai iliyopikwa kwa maji yake, na asante sikuitoa. Anayetazama milima ya Mbooni kutoka mbali huiona ya kijani akadhani huku maji si taabu. Lakini aliyejenga juu hushuka bondeni na mtungi mtupu na kupanda nao umejaa mgongoni, na mara nyingi anayepanda nao ni mama. Mke wangu alikuwa ameupanda mlima huo tangu tuoane.

Jumamosi ya juma hilo nilikwenda kanisani nikawafundisha wachumba juu ya mazungumzo katika ndoa. Nilifundisha vizuri, hata nikapongezwa.

Niliporudi nilikaa kivulini nyuma ya jikoni. Watoto walikuwa wakicheza mchezo wa nyumba upande wa pili, bila kujua kwamba nipo. Binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita, alikuwa anampangia kaka yake kazi. "Mimi ni mama, napika. Wewe ni baba." Kaka akauliza, "Baba afanye nini?" Binti akamjibu, "Keti hapo. Usiseme kitu."

Nimesikiliza mahubiri mengi katika maisha yangu, ya mapadre na hata ya maaskofu, lakini hakuna lililonipata kama hilo. Mtoto hakuwa ananisengenya wala hakuwa na uchungu wowote. Alikuwa anamweleza kaka yake baba ni kitu gani, kama vile ambavyo angemweleza kuwa ng'ombe hula nyasi.

MAJI YA KWANZA HUMWAGWA

Jioni hiyo nilitembea mpaka kwenye tuta la mwisho la shamba, nikasimama huko. Nilijiuliza: kwa hakika nina hasira ya nini? Jibu lilikuja upesi: kwa sababu hakunishauri, na mume na mke hushauriana. Jibu zuri, tena la kikatekista kabisa.

Ndugu zetu wa Kalawa na sehemu za chini, ambako mito ni ya mchanga, wanajua namna ya kupata maji wakati wa kiangazi. Unachimba shimo mchangani, nayo maji yanaanza kuingia. Ya kwanza ni ya matope. Hayo hayanywewi. Unayachota kwa kata na kuyamwaga, unangoja, unachota tena na kumwaga tena, mpaka yaje maangavu. Mtu mwenye haraka hunywa tope. Nimekuja kuona kwamba jibu la kwanza la moyo uliokasirika ni maji ya namna hiyo, na utalitambua kwa sababu karibu kila mara huanza kwa jina la mtu mwingine.

Basi nililimwaga. La pili lilihusu pesa, kwamba ada ya shule ilikuwa inangoja. Si kweli. Ada ya muhula ule ilikuwa imelipwa, na pesa za chama zilikuwa jasho lake. Nikalimwaga hilo nalo. La tatu lilichelewa, na lilipokuja sikulipenda: tangi hilo ni mimi niliyeliahidi, miaka minne iliyopita, tena mbele ya majirani hao hao. Sasa wamemwona mke wangu akifanya lile nililoshindwa. Haikuwa hasira hata kidogo. Ilikuwa aibu, nami nilimtoza mke wangu malipo ya aibu yangu.

Na chini ya hilo kulikuwa na jingine la zamani zaidi. Marehemu baba yangu alifanya kazi Mombasa, kama wanaume wengi wa Ukambani wa wakati wake. Nyumbani alikuja Pasaka na Krismasi. Akiudhika hakufoka. Alinyamaza tu, na mwaitu alianza kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe, na sisi watoto tukaambiwa tukacheze mbali. Nilijiapia kwamba mimi sitakuwa baba wa sikukuu, nitakaa na watoto wangu. Na kweli nilikaa. Kumbe mtu aweza kuwa Mombasa akiwa ameketi mezani pake.

Simhukumu mzee. Alilea kwa kile alichopewa. Lakini mimi nilikuwa nimekipokea na kukiita upole, na watu wakaniunga mkono, na hivyo sikupata kukitazama. Dhambi ya mlevi huonekana njiani na watoto huizomea. Dhambi ya mtu anayesifiwa hukaa salama kwa muda mrefu.

Usiku huo, watoto walipolala, mama watoto alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikaketi karibu naye, nami nikaanza kuchambua. Nikamwambia, "Mama watoto, siku hizi zote sikuwa mchovu. Nilikuwa nakuadhibu."

Hakushtuka. Aliendelea na maharagwe yake. Akasema, "Najua, baba. Nilikuwa nangoja nawe ujue."

Baada ya muda akaongeza, "Unadhani ni kwa nini sikukuambia habari za tangi? Ningekuambia, ungenyamaza."

Nilikuwa nimemshtaki moyoni kwa kuficha. Kumbe alijifunza kuficha kutoka kwangu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu kila alipokuja na jambo wazi alipigwa na kimya. Hilo nisingeliona peke yangu hata ningekaa kwenye mafungo mwezi mzima. Ilibidi niseme langu kwanza, ndipo naye akapata nafasi ya kusema lake.

MONIKA NA MTUMISHI WAKE

Wapo wanaodhani kujitambua ni kazi ya watawa, au ni jambo la wasomi wa mjini wenye muda. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, hakuona hivyo. Katika Maungamo yake, aliyoyaandika kati ya mwaka 397 na 400, anasimulia kitu juu ya mama yake, Mtakatifu Monika wa Tagaste, mji ulio katika nchi ya Algeria ya leo.

Monika alipokuwa msichana alitumwa na wazazi wake kuteka divai kutoka pipani. Alikuwa akionja kidogo, kwa ncha ya midomo, kwa utoto tu. Kesho akaongeza kidogo, keshokutwa kidogo tena, mpaka ikawa anakunywa karibu kikombe kizima. Wazazi hawakujua. Aliyejua ni mtumishi wa kike aliyefuatana naye, na siku moja walipogombana wawili peke yao, mtumishi yule alimtupia usoni kwamba yeye ni mlevi. Neno hilo lilimchoma. Monika alijitazama, akaona ni kweli, akaacha.

Augustino anatuonyesha wazi kwamba mtumishi hakuwa na nia ya kumponya. Alitaka kumuumiza. Lakini Mungu alilitumia tusi lile lile kuwa dawa. Hapa pana somo kubwa kwetu tuliooana. Mwenzio akikurushia neno katika ugomvi, huenda amelisema vibaya, kwa wakati mbaya, na kwa nia mbaya. Hayo ni yake, atayajibia. Lako ni kuuliza, baada ya moyo kupoa: je, ni kweli? Sisi wengi hutumia nguvu zote kushtaki namna neno lilivyosemwa, na neno lenyewe tunaliacha lipite.

Monika huyo huyo aliolewa na Patrisi, mtu mkarimu lakini mwepesi wa hasira. Augustino anasema mama yake hakumjibu mumewe wakati moto unawaka. Alingoja atulie, ndipo akamweleza lililokuwa sawa na lisilo sawa. Patrisi alikuja kubatizwa karibu na mwisho wa maisha yake.

Hapa lazima niseme jambo, maana nimewahi kusikia habari za Monika zikitumiwa vibaya. Kitabu hicho hicho kinataja wanawake wa mji ule waliokuwa na alama za kipigo nyusoni. Mwanamke anayepigwa leo asiambiwe aende akachunguze boriti iliyo jichoni mwake. Kujichunguza ni dawa ya watu wawili wanaoudhiana, si kitanda cha kumlaza mtu anayeumizwa. Anayepigwa, au ambaye watoto wake wako hatarini, atafute usalama kwanza, amwone paroko, chifu au polisi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ipo tangu mwaka 2015. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikubali katika aya ya 241 kwamba kuna wakati kutengana hakuepukiki, hata huwa ni wajibu, ili kumlinda aliye mnyonge. Tusiwe wakali kuliko Kanisa.

DAKIKA KUMI ZA JIONI

Sasa, tufanyeje? Wengi wetu tunachunguza dhamiri Jumamosi tu, tukiwa kwenye foleni ya Kitubio, tena kwa haraka. Tunahesabu: nimekasirika mara tatu, nimesema uongo mara mbili. Kuhesabu si vibaya. Lakini mtu anaweza kuhesabu hasira ile ile kwa miaka 20 bila kuiuliza hata siku moja inatoka wapi.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 alivunjwa mguu kwa mzinga vitani Pamplona, akalazwa nyumbani kwao miezi mingi. Akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa, havikuwapo. Akapewa maisha ya Kristo na ya Watakatifu. Akiwa pale kitandani aligundua jambo dogo: alipoota sifa za vita na za mabibi wakubwa alifurahi kwa muda, kisha moyo ukabaki mkavu. Alipowaza kuwafuata Watakatifu, furaha ilibaki hata baada ya mawazo kupita. Aliyaona hayo kwa kuangalia tu moyo wake unavyopanda na kushuka. Baadaye akawafundisha watu kujichunguza kila siku: kumshukuru Mungu, kuomba mwanga, kuipitia siku, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha.

Sisi nyumbani tunafanya hivyo kwa dakika kumi, kila mmoja kivyake, kabla ya Rozari. Mimi hufanya nikitoka kufunga ng'ombe. Mama watoto hufanya akiosha vyombo, na anasema hapo ndipo hakuna anayemsumbua, kwa sababu hakuna anayetaka kusaidia. (Nimelisikia hilo pia.) Kuipitia siku ndiko kugumu. Usitafute dhambi tu. Tafuta mahali ambapo moyo ulipata joto ghafula na mahali ulipopoa ghafula. Ukiona uliudhika kupita kiasi cha jambo lenyewe, kama vile chumvi kuzidi kwenye muthokoi ukakasirika mpaka usiku, simama hapo. Chumvi haina nguvu hiyo. Kuna jingine chini. Mwaga maji ya kwanza, ungoje.

Usijichune ngozi lakini. Katika Wosia ule ule, aya ya 107, Papa Fransisko alisema kuwa kusamehe wengine kunadai kwanza tujielewe na tujisamehe wenyewe, na kwamba mara nyingi makosa yetu au maneno ya watu tunaowapenda yametufanya tusijipende. Ndiyo maana dakika hizo huanza kwa shukrani. Mwana mpotevu wa Luka 15 alipouzingatia moyo wake kule kwenye nguruwe, kitu cha kwanza alichokumbuka hakikuwa dhambi zake. Alikumbuka kwamba kwa baba yake hata watumishi wanakula wakashiba.

Kisha mara moja kwa juma, sisi ni Jumapili jioni, kila mmoja humwambia mwenzake jambo moja tu aliloliona juu yake mwenyewe. Sharti letu ni kwamba sentensi ianze na "mimi". Ukisema "mimi niliudhika kwa sababu wewe", hiyo bado ni tope, rudi ungoje. Na anayesikiliza hapaswi kusema, "Nilikuambia!" Hata kama kweli alikuambia.

Kwa wale ambao mmoja yuko Nairobi au Mombasa na mwingine yuko shambani, jambo hili linawezekana pia. Jozi moja niliyoifundisha huandika kila mmoja kwenye daftari lake, na mume akipiga simu Jumapili husomeana. Walikuja kuniambia kwamba kwa miaka mingi simu zao zilikuwa za M-Pesa na ada tu. Walipoanza kusomeana, mume alilia kwenye simu, naye mke akadhani kuna msiba.

Jihadhari na jambo moja. Kuna mtu akishajijua hugeuza ujuzi huo kuwa kinga. "Mimi ndivyo nilivyo, nililelewa hivyo." Nami ningeweza kusema: kimya ni cha kwetu, nimerithi. Kurithi shamba lenye mmomonyoko hakukuzuii kuchimba matuta. Wazee wetu wa milima hii walichimba kwa mikono, kwa mwethya, na waliofaidi udongo ule ni sisi.

Msidhani nimepona. Krismasi iliyofuata mwaka ule wa tangi nilinyamaza tena, kwa jambo ambalo sasa silikumbuki. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya pili mama watoto aliweka chai mbele yangu akasema polepole, watoto wasisikie, "Baba, umeenda Mombasa." Ilinichukua mpaka jioni kurudi. Siku hizi ni saa chache. Kuna wiki ambayo binti yetu, sasa ni msichana wa sekondari, ndiye aliyenyamaza, na nilijua amelitoa wapi. Nilikaa naye nikamsimulia habari ya mchezo wao wa nyumba. Hakuukumbuka kabisa. Alicheka, kisha akaniambia lililokuwa linamsumbua.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Someni pamoja Mathayo 7:1-5 na Luka 15:11-24. Kisha kila mmoja ajibu kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya mwenzake: Nikikasirika, hufanya nini? Nilikiona wapi kwanza? Ni jambo gani watu hunisifia ambalo mwenzangu nyumbani huumia kwalo? Ni neno gani nililoambiwa katika ugomvi, nikalikataa, na huenda lilikuwa na ukweli?

Na kama mna watoto wadogo, wasikilizeni wakicheza. Wakigawana kazi, yule anayekuwa wewe anaambiwa afanye nini?